Kaya ya Watu Tisa

Mama Mashimo hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata mwaka ule Mradi ulipoingia kijijini na habari kwamba mashamba ya mlimani yamechoka, udongo unateremka na mvua, na kwamba yeyote atakayeacha kulima akapanda miti atalipwa kila msimu, eka kwa eka. Watu waliomba tangazo lirudiwe. Miaka yote mkulima alilipwa kwa kulima, tena kwa shida, na sasa alikuwa anaambiwa akae tu, fedha zitamfuata hapo alipokaa.

Waliofurahi zaidi ni wale ambao hata zamani walikuwa wamekaa. Wa kwanza wao alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, mwenye eka kumi na mbili na jembe lililofumwa utando na buibui nyuma ya mlango. Mashamba yake yalilimwa na vibarua. Kijiji kilimchagua papo hapo kuwa mwenyekiti wa kamati ya misitu, kwa hoja kwamba kati yao wote yeye ndiye mwenye uzoefu wa kutolima. Mbele yake watu walimwita Mwenyekiti. Akishawapa kisogo walimwita Mkono wa Birika, kwa jinsi alivyokuwa bahili.

Ndani ya zile eka kumi na mbili, kule chini karibu na njia, kulikuwa na nusu eka ambayo marehemu ndiye aliyeing'oa visiki. Baba yao alimwambia kwa mdomo wake, hapa ni pako. Lakini mdomo wa mzee ulizikwa pamoja na mzee, na karatasi haikuwahi kuandikwa. Mume alipofariki, mjane aliendelea kupanda karanga na maharage pale, akalisha watu watano: yeye mwenyewe, watoto wake watatu, na mama mkwe wake ambaye kila mtu alimwita Bibi. Bibi alikuwa ameihama nyumba kubwa ya mwanawe wa kwanza kwa hiari yake. Alisema kule chakula huja njaa ikishakata tamaa na kwenda zake.

Mwenyekiti alipotia sahihi alitia kwa eka zote kumi na mbili.

"Shemeji," mjane alimwendea, "na ile nusu eka yangu?"

"Shemeji yangu, miti haina ubaguzi. Tukiacha kiraka pale chini, ramani nzima itaharibika."

"Na watoto watakula ramani?"

"Kuna kazi ya kuchimba mashimo ya miche. Jina lako nimeliweka la kwanza kabisa." Alilisema hilo kwa upole wa mtu anayetoa figo.

Basi akachimba. Malipo yalikuwa kwa shimo, na hakuna mwanamume aliyemfikia. Alianzia juu kabisa ya mlima, akateremka mstari kwa mstari, mpaka siku moja akainua kichwa na kujikuta amesimama kwenye shamba lake mwenyewe, juu ya matuta ya karanga aliyoyapiga kwa mikono yake. Alilia katika mashimo ishirini ya mwanzo. Baada ya hapo aliona machozi yanampunguzia kasi, na kilicholipwa ni kasi. Alichimba mia mbili pale, na msimamizi akasema hayo ndiyo mashimo mazuri kuliko yote mlimani. Jina likaanzia hapo.

Mashimo yalipokwisha, kazi nayo ikaisha. Hilo halikuwa limesemwa mkutanoni. Mahindi yanataka mtu wa kupanda, mtu wa kupalilia, mtu wa kuvuna na mtu wa kupukuchua. Mti ukishashika unataka kuachwa. Wale waliokuwa wakiishi kwa vibarua walianza kuondoka, leo huyu, kesho yule, na milango ikafungwa kwa makufuli. Mwenyekiti alinunua makochi na kuyaacha na nailoni zake, yasichafuliwe na wakaaji. Jioni alikaa barazani akivuta pumzi kwa sauti. Alipoulizwa kulikoni, alisema anakagua bidhaa, kwani sasa biashara yake ni hewa ya miti.

Mwaka wa pili likaja tangazo jipya. Mradi ulitaka kujua kama umewanufaisha wote au wachache, kwa hiyo mtathmini angepita nyumba kwa nyumba kupima pengo la kipato. Kaya ambayo ingeonekana haina shamba kabisa ingepewa kipande cha kulima kule bondeni, kwenye udongo mweusi usiopandwa miti. Lakini pengo likionekana limetanuka, Mradi ungefunga virago na kuhamia kijiji kingine.

Mama Mashimo aliisikia sehemu ya kwanza. Mwenyekiti aliisikia ya pili.

Usiku huo mama hakupata usingizi kwa furaha. Kama kuna kaya isiyo na shamba kijiji kizima, ilikuwa yake. Hilo hata mbuzi walilijua. Asubuhi alinoa jembe, ingawa halikuwa na pa kwenda. Alimwambia Bibi watapanda karanga nusu na maharage nusu, Bibi akasema maharage yawe mengi, karanga zinamsumbua meno. Wakabishana mpaka adhuhuri juu ya mavuno ya shamba ambalo hawakuwa nalo.

Siku ya tathmini, kabla jua halijapanda sana, Mwenyekiti alikuja mwenyewe mpaka mlangoni. Alikuwa hajafika pale tangu matanga ya mdogo wake.

"Shemeji, leo nimechinja. Mje wote mle kwangu, na Bibi pia. Sisi ni damu moja, tunaishi kama hatujuani, aibu hii mpaka lini?"

Mama Mashimo alitazama nyuma yake kuona kama anaambiwa mtu mwingine. Kisha, na hili alijilaumu baadaye kwa muda mrefu, roho yake ililainika. Alidhani mtu amezinduka. Aliwaogesha watoto, akamvalisha Bibi kitenge kizuri, wakaenda.

Kulikuwa na kuku wawili kwenye mchuzi, na kila mtoto aliwekewa paja. Mke wa Mwenyekiti alipakua akiwa amenuna, kwa kuwa hakuambiwa sababu. Walikuwa katikati ya kula mtathmini alipopiga hodi: binti mpole mwenye viatu vya vumbi na kishikwambi mkononi. Alikataa chakula kwa adabu, akakaa ukingoni mwa kochi, nailoni ikalalamika.

"Kwanza niwaeleze," alisema. "Kwetu sisi kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Hapa mko wangapi?"

"Tisa," alisema Mwenyekiti bila kupepesa. Yeye, mkewe, vijana wake wawili, na wale watano.

Binti alihesabu vichwa mezani. Vilikuwa tisa. Aliandika. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu makini, alimgeukia Mama Mashimo.

"Na wewe mama, unakula hapa?"

Sasa hebu fikiria. Una kipande cha nyama shavuni, nyama ya mtu. Mwenye nyumba anakutazama huku anatabasamu. Watoto wako wanaramba vidole. Ni mtu gani aliyelelewa vizuri atakayesema mbele ya sahani ya watu kwamba hapana, mimi huwa sili hapa, hawa hawajawahi kunipa hata chumvi? Mama Mashimo alilelewa vizuri, hilo ndilo lililokuwa kosa lake.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Si unaniona?"

Binti aliandika tena. Alipokuwa anaaga, aliielekeza kalamu yake dirishani, kwenye kijumba cha udongo ng'ambo ya njia. "Na ile pale ni ya nani?"

"Ah, ile," alisema Mwenyekiti. "Ile ni jiko letu la nje."

Mama Mashimo alilisikia hilo, lakini alikuwa amemeza vibaya na Bibi alikuwa anampiga mgongoni.

Majibu yalisomwa mwezi uliofuata, kwenye mkutano, na mtaalamu aliyekuja na gari. Alikuwa na furaha isiyo kifani. Alisema pengo kati ya kaya ya juu na kaya ya chini limepungua kwa kiasi ambacho ofisini kwao wamelazimika kupiga hesabu mara mbili. Watu walipiga makofi. Nyumba zilizofungwa kwa makufuli hazikuwa na wa kuhojiwa, kwa hiyo umaskini wao ulihesabika kuwa umekwisha. Kisha karani alisoma orodha ya watakaopewa mashamba bondeni. Zilikuwa kaya nne. Mama Mashimo alingoja ya tano.

Alinyoosha mkono. "Jina langu sijalisikia."

Karani alipekua. "Wewe uko kwenye kaya ya Mwenyekiti, mama. Kaya ya watu tisa, eka kumi na mbili. Kwa kweli uko vizuri."

Watu walicheka, halafu wakaacha. Mama Mashimo alimtazama shemeji yake, na Mwenyekiti alitazama juu, akikagua bidhaa. Hapo ndipo yule kuku alipompanda kooni. Kwa paja moja la kuku alikuwa ameuza nyumba yake, shamba lake la bondeni na hata njaa yake, maana sasa hata njaa haikuwa yake kisheria. Alirudi nyumbani na hasira yake.

Bibi alisikiliza habari yote mpaka mwisho, mkono sikioni.

"Kwa hiyo tumeandikwa kwa nani?"

"Kwa mwanao."

"Kwamba tunakula kwake?"

"Ndivyo kitabu kinavyosema."

Bibi alitafuta fimbo yake. "Basi, anakula saa ngapi?"

Jioni hiyo Mwenyekiti aliinua macho kutoka kwenye sahani yake akaona familia nzima mlangoni, mama yake mzazi akiwa mbele. Walikaa palepale walipokaa siku ile. Aliuliza kuna nini. Mama Mashimo alisema hakuna kitu, wamekuja kula, si ni kwao? Mwenyekiti alicheka kicheko cha mtu aliyekanyagwa. Siku ya kwanza aliona mzaha. Asubuhi walirudi kunywa chai. Mchana wakarudi. Wiki ya pili watoto walikuwa wanajua kijiko kipi ni cha nani, na Bibi alikuwa na kochi lake, ambalo alilitoboa nailoni kwa pini ili lipumue.

Bibi ndiye aliyekuwa silaha kubwa, na alijua. Mtu anaweza kumfukuza shemeji. Mama yake atamfukuza kwa maneno gani, na kijiji kizima kinapita barazani? Kila mlo Bibi alikuwa na neno. Mchuzi ulikuwa mwepesi. Mchuzi ulikuwa mzito. Marehemu mumewe alikuwa hali viporo. Mke wa Mwenyekiti, ambaye zamani alipikia watu wanne na kupumzika, sasa alikuwa kiguu na njia kutafuta kuni, na kuni zilikuwa adimu kwa sababu kamati ya misitu, chini ya uongozi wa mumewe, ilikuwa imepiga marufuku kukata hata kijiti.

Mwenyekiti alimpigia simu mtathmini. Alijaribu kwanza kwa mbali, kwamba pengine siku ile kulikuwa na kosa dogo la hesabu. Binti alisema kwa upole kwamba takwimu zimeshafungwa, na kama mtu alitoa taarifa za uongo itabidi malipo ya misimu yote yarejeshwe. Mwenyekiti alisema hapana, hapana, alikuwa anamsalimia tu.

Msidhani Mama Mashimo alikuwa anastarehe. Alikuwa anashiba na hana raha. Kula kwa watu siku moja ni heshima. Kula kwa watu kila siku, ukiangaliwa tonge linavyopanda na kushuka, ni kazi ngumu kuliko mashimo. Binti yake wa kati alianza kuomba ruhusa kabla ya kugusa maji ya kunywa. Nyumbani, mafiga yalikuwa yamepoa na kuku wa jirani wametaga katikati yake. Jioni alikuwa akiyatazama na kujiona kama mgeni aliyepotea njia. Alitaka chungu chake. Alitaka kuwaambia watoto wake leo hakuna, subirini, na kuwa yeye ndiye anayesema.

Mwezi wa tatu, mke wa Mwenyekiti alimkuta nyuma ya nyumba akisugua masufuria. Alijifuta jasho, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mdogo wangu, sema kweli. Unataka nini utoke jikoni kwangu?"

"Shamba langu, dada. Lile la chini, la nusu eka."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Mke wa Mwenyekiti alimtazama kwa muda, kama anayefanya hesabu ya kuni. "Miezi mitatu yote hii," alisema, "kwa nini hukuniambia mimi?"

Kesho yake alfajiri alichukua jembe lililokuwa nyuma ya mlango, akalipangusa utando, akateremka njiani. Mwenyekiti alipoamka na kwenda kukagua bidhaa, alikuta nusu eka nzima iko wazi, na miche mia mbili imelazwa pembeni kwa mstari, mizizi upande mmoja. Alirudi mbio.

"Nani amefanya hivi?"

"Mchwa," alisema mkewe, akikoroga uji.

"Mchwa gani wanang'oa mti na kuupanga mstari?"

"Wastaarabu. Na wakisikia maneno maneno watapanda mpaka juu."

Mwenyekiti alitafuta karatasi na kalamu. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupima faida na hasara, na hasara ilikuwa inakula mara tatu kwa siku, aliandika taarifa kwa Mradi kwamba nusu eka ya chini imeshambuliwa na mchwa na haifai tena kwa miti. Mama Mashimo alimfuata mpaka ofisini akamwomba aongeze na karatasi ya pili, fupi tu, ya kusema nusu eka hiyo iliyoharibika anamwachia mjane wa mdogo wake. Aliongeza. Muhuri ulipigwa mbele ya macho yake, na aliipeleka karatasi nyumbani ikiwa ndani ya kanga, kifuani.

Yale mashimo aliyafukia kwa furaha kuliko alivyoyachimba. Alipanda karanga nusu na maharage nusu, na Bibi akalalamika kwamba maharage ni machache. Mvua haikuwa mbaya. Msimu ulipokwisha, kijumba cha ng'ambo ya njia kilikuwa kinatoa moshi asubuhi na jioni, na watoto walikuwa wanaambiwa subirini.

Mtathmini alirudi mwaka uliofuata. Safari hii alianzia njiani, akasimama mbele ya moshi, akapekua kishikwambi chake kwa mashaka.

"Samahani, mama. Hili si jiko la nje la Mwenyekiti?"

"Lilikuwa," alisema Mama Mashimo. "Karibu. Hapa tunakula watano, chungu ni kile pale, na shamba ni lile. Nusu eka. Andika yote, na ukimaliza uonje karanga."

Binti aliandika yote. Karanga alizichukua kiganja kizima.

Mkutanoni, yule mtaalamu mwenye gari alikuja na uso wa msiba. Alisema kuna jambo limewasikitisha. Pengo la kipato, ambalo lilikuwa limepungua vizuri, limetanuka ghafla. Wamechunguza wakagundua kwamba imezuka kaya mpya maskini, ya watu watano wenye nusu eka tu, watu ambao mwaka jana walikuwa katika kaya yenye eka kumi na mbili. Hajawahi kuona watu wakiporomoka kwa kasi namna hiyo. Aliuliza kama mwathirika yupo.

Mama Mashimo alisimama. Alikuwa amenenepa kidogo.

"Pole sana, mama," alisema mtaalamu, na alimaanisha. "Tukusaidieje ili urudi pale ulipokuwa?"

"Nilikuwa mezani kwa shemeji yangu," alisema. "Muulizeni mkewe kama nirudi."

Mke wa Mwenyekiti hakusubiri kuulizwa. Alisimama kutoka safu ya nyuma, akasema, "Hapana," akakaa.

Watu walicheka mpaka mtaalamu akalazimika kuwasubiri. Mama Mashimo hakucheka. Alikuwa anatazama viti vitupu, vile vya wale waliokuwa wakipalilia naye mahindi ya watu bega kwa bega. Wao pia walikuwa na haki ya kuhesabiwa, lakini hawakuwa na shemeji mwenye kochi wa kwenda kumkalia, wala Bibi wa kuwatangulia na fimbo. Makufuli yao yalikuwa yameshaota kutu. Juu yao mtaalamu hakuwa na swali, kwa sababu hawakuwa wameharibu hesabu ya mtu.

Taarifa ya mwaka huo ilibandikwa ukutani ofisini. Ilisema kijiji kinaendelea vizuri, msitu umeshika, na wananchi wana mwamko, isipokuwa kaya moja ambayo inahitaji kufuatiliwa kwa karibu. Mama Mashimo aliisoma mpaka mwisho, akaangalia jua. Bibi alikuwa peke yake na watoto, na maharage yalikuwa motoni tangu asubuhi. Akaenda zake nyumbani kupakua.